Siku Niliyofumba Macho kwa Kupenda Mwenyewe

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye simjui. Macho yake hayana kidonda wala ukungu, daktari akiyamulika anasema ni mazima, lakini yanafumba yenyewe, na yakishafumba hayasikii amri. Anatembea ameshika bega la mtu. Watu wanasema anaigiza. Kama ni wewe, kaa nami kidogo. Nitakueleza ilivyoanza kwangu, nilivyopata nafuu, na nilivyomlipa mtu aliyeutumia ugonjwa wangu kunimaliza. Hiyo ya mwisho kuna walioniambia niiache. Siiachi, maana bila ile hasira sijui kama ningepanda basi la Bujumbura hata mara moja.

Jina langu ni Daforoza. Sokoni Rumonge wananiita Mama Riziki, na kazi yangu ni kushona. Nilizaliwa kwenye kilima kimoja juu ya Kizuka, katikati ya michikichi ya baba yangu. Tulikimbilia Tanzania nikiwa na miaka tisa. Baba akafia kambini. Nilirudi nikiwa mtu mzima, nina mama yangu mzee, nina binti, nina mume niliyempata hukohuko kambini, Mkongomani wa upande wa Fizi, na nina Kiswahili ambacho watu wa hapa wanakicheka kuwa ni cha redioni. Mume wangu, Baba Riziki, ananunua ndagala, dagaa wa ziwani, kwa wavuvi wa Magara na kuziuza kwa wafanyabiashara wa mjini.

Ilianza kiangazi, wakati vumbi la barabara linapoingia mpaka ndani ya cherehani. Macho yaliwasha kama yana mchanga, nikawa napepesa. Sikushtuka, kila mtu sokoni alikuwa anapepesa. Kisha mvua za kwanza zikanyesha, wenzangu wakaacha, mimi nikaendelea. Nilipepesa nikiongea, nikipima kitambaa, nikisali. Mwanamume mmoja aliyeniletea suruali ya kupunguza alidhani namkonyeza. Kesho yake alirudi amevaa shati lililopigwa pasi, akauliza kama nimeshakula. Tulicheka sana mimi na Baba Riziki. Tulikuwa bado tunacheka wakati ule.

Siku moja nilikuwa katikati ya mshono wa blauzi, macho yakafumba. Sisemi yalipepesa. Yalifumba kwa nguvu, kana kwamba mtu amezikamata kope zote mbili na kuzibana kwa vidole. Mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga. Sindano ikaingia kwenye ukucha ikatokea upande wa pili, nami nikapiga kelele bila kuona ninachokipigia kelele.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa mabenchi. Benchi la kituo cha afya lina kona moja yenye kivuli, nami nilikuwa nafika alfajiri kuiwahi, kwa sababu jua ndilo lililokuwa linanifunga kabisa. Ndani ya chumba macho yalifunguka kwa muda, nje yakagoma. Walinipa mafuta ya kupaka. Walinipa matone. Mwingine akaniandikia miwani, mwingine akasema ni rangi za vitenge zinanidhuru, niache kushona. Wote walifanya lilelile: wanainua kope kwa kidole gumba, wanamulika tochi, wanainama. "Mboni inasinyaa vizuri, inapanuka vizuri. Fuata kidole changu. Juu. Chini. Huku. Mama, macho yako iko mazima kabisa." Natoka nje na macho yangu mazima, nagonga mlango.

Nyumbani tulijifunza maisha mapya. Nilijifunza kumimina uji kwa kusikiliza sauti yake kwenye kikombe. Nilijifunza kwamba nikibonyeza juu ya nyusi kwa kidole, kope zinaachia kwa sekunde chache. Na siku moja, nikiwa nafua, niligundua jambo la ajabu: nikiimba, macho yanafunguka. Si kusema, kuimba. Hata kuimba puani, mdomo ukiwa umefungwa. Nikawa navuka barabara nikiimba wimbo wa kanisani kwa sauti, beti nzima, baiskeli zenye mabidoni, yale madumu ya mawese, zinanipisha, watu wanageuka kunitazama. Kama una ugonjwa huu, jaribu. Wengine inawasaidia kutafuna kitu, wengine kuimba. Usione haya. Haya haitakufikisha ng'ambo ya barabara.

Baba Riziki alivumilia kuliko nilivyotarajia, lakini dada zake walivuka ziwa kuja kutuona, wakakaa wiki nzima wakinong'ona. Walisema mwanamke asiyemtazama mume wake usoni ana jambo. Siku waliyoondoka nilimwaga chungu cha ndagala zilizokwisha kuungwa, zote chini. Mume wangu akanishika mabega akapiga kelele: "Fungua basi! Fungua! Mutu anashindwa namna gani kufungua macho yake mwenyewe?"

Nilijaribu. Kadiri nilivyojaribu ndivyo yalivyobana. Machozi yalitoka chini ya kope zilizofungwa. Kisha nikasikia anaokota ndagala sakafuni, moja moja, anazipuliza.

"Unisamehe, Mama Riziki," akasema. "Sijue nilikuwa naongea na nani. Haikuwa na wewe."

Huyo nilimsamehe siku hiyohiyo.

Sasa nije kwa Gaspari. Gaspari ni mtoto wa baba yangu mdogo, na kwetu huyo ni kaka, si jina lingine. Tulipokimbia, wao walibaki. Shamba la baba yake liko chini, letu liko juu, na kati ya mashamba hayo kulikuwa na ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, na pembe mbili ambazo baba yangu alizijua. Tuliporudi ua ulikuwa umeng'olewa, michikichi yetu inavunwa na Gaspari, na yeye anasema kaka wa baba yake, yaani baba yangu, hakuwahi kuwa na kitu pale ila kibanda. Mama alijua mipaka yote, lakini akili yake ilikuwa imeanza kuchanganya. Asubuhi alijua yuko Rumonge, mchana aliuliza kama mgawo wa unga wa kambini umefika. Shahidi nilikuwa nimebaki mimi. Tulipeleka shauri kwa baraza la kilima, wale wanaoamua mashauri ya eneo, tukapewa siku.

Kama juma moja kabla ya siku hiyo, Gaspari alikuja nyumbani kwetu, ameleta mkungu wa ndizi. Alimsalimia mama kwa adabu, akamshika mikono. Kisha akakaa karibu yangu.

"Dada, nasikia hauone. Iliniuma sana. Shauri ni shauri, lakini damu ni damu."

Nilikuwa sijaambiwa hivyo na mtu wa ukoo wetu hata mmoja. Ni aibu kusema, lakini nilitamani mtu wa kwetu anihurumie. Nikamweleza kila kitu.

"Sasa inakusumbua zaidi wakati gani?"

"Juani," nikasema. "Mwanga mkali. Na nikiwa na wasiwasi, nikitazamwa na watu wengi."

"Na nini inakusaidia?"

"Nikiimba."

"Pole sana, dada," akasema, akanipapasa mkono. Mkono wake ulikuwa wa joto. Mpaka leo naukumbuka, na mpaka leo natamani ningeuuma.

Siku ya shauri tulisikia kwamba Gaspari ameomba baraza likutane shambani kwenyewe, si kwenye chumba, na saa sita mchana, eti watu wengine wanatoka mbali. Ombi lilionekana la kawaida. Tulipofika, mume wangu akaninong'oneza kwamba Gaspari ana mabati mapya, ameyaegemeza kwenye michikichi kama anataka kujenga, na viti vyetu vimewekwa kuyakabili. Sikuhitaji kuambiwa. Mwanga ulinipiga usoni kama maji ya moto. Macho yakafunga, na mashavu, na paji la uso, sura nzima ikakunjamana.

Mwenyekiti wa baraza, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole, aliniomba nionyeshe mipaka. Nikasimama. Nikaanza kuimba puani, polepole, ili nifungue hata kidogo.

"Mnaona?" Gaspari akasema. "Anaimba. Tuko kwa shauri ya ardhi, yeye anaimba."

"Mama, tafadhali, tuheshimu kikao," mwenyekiti akasema.

Nikanyamaza. Nikatembea mikono mbele. Nilipiga uso kwenye mti wa chikichi, miiba ya makuti ya zamani ikanichana hapa, chini ya jicho. Watu wakaguna. Ndipo Gaspari akasema maneno ambayo niliyabeba miezi kumi na sita:

"Mwacheni. Macho yake yanakataa kusaidia uongo wake."

Wapo waliocheka.

Nataka ujue jambo moja nililolifanya sawa siku ile. Baba yangu alikuwa amezika mawe meupe ya ziwani kwenye pembe za shamba, matatu kila pembe. Mimi mwenyewe niliyabeba kwenye sketi kutoka ufukweni nikiwa na miaka minane, tukapanda kilima nayo, yananigonga mapajani. Mahali pake panajulikana kwa kusimama juu ya jiwe moja kubwa lililopasuka pale shambani na kutazama: unalinganisha vitu viwili kwa mbali, unahesabu hatua. Bila macho sikuweza. Ningetaja mawe bila kuonyesha mahali, Gaspari angeyachimba kabla jua halijazama. Nilifunga mdomo kama macho yalivyofungwa. Baraza likaahirisha, likasema tutafute shahidi mwingine au mimi nitibiwe kwanza.

Katika basi la kurudi Rumonge mama aliniuliza kwa nini nina damu usoni. Nikamwambia nimejikwaa. Akasema, "Baba yako atakasirika ukichelewa na zile mawe." Nililia mpaka tukashuka.

Wiki hiyohiyo nikaanza safari za Bujumbura. Sikwenda kwa sababu nilitaka kuona jua, au uso wa mume wangu, ingawa nilivitaka. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kumtazama Gaspari. Nilikaa kwenye vyumba vya kungojea ambavyo sikuwahi kuviona, nikavijua kwa harufu tu: kimoja dawa ya sakafu, kingine karanga za kukaanga za mlinzi. Wa mwisho ulikuwa mlango wa daktari wa neva. Alikuwa mwanamke. Hakuwasha tochi kwanza. Aliniacha niongee huku ananitazama, kisha akaniambia niimbe.

Nikaimba. Macho yakafunguka. Nikamwona: mdogo kuliko sauti yake, ana nywele fupi.

"Basi," akasema. "Tatizo haliko kwenye macho. Kuna sehemu kwenye ubongo inayotoa amri ya kupepesa. Yako inatoa amri bila kuombwa, na haijui kunyamaza. Hauigizi, na hujarogwa." Akaniandikia jina kwenye karatasi kwa Kifaransa, blépharospasme, ili nikimwonyesha mtu yeyote asinibishie.

Mimi nilikuwa nimemaliza karibu mwaka nikiitwa mwongo. Niliomba aiandike mara mbili.

Dawa yake ni sindano ndogondogo kuzunguka macho, zinazolegeza misuli inayobana. Inauma kama siafu wanakuuma mmoja baada ya mwingine, unahesabu, inakwisha. Haiponyi ugonjwa. Inakupa kama miezi mitatu, kisha unarudi. Tangu hapo sihesabu miaka kwa Krismasi. Nahesabu kwa sindano.

Sindano ya kwanza ilikuwa mwanzo wa mvua. Siku tano hakikutokea kitu. Siku ya sita niliamka nikaona neti ya mbu. Nikaitazama tu, nikingoja ipotee, haikupotea. Lakini kope ya kushoto ililegea kupita kiasi, ikaning'inia nusu jicho kwa wiki tatu, na usiku jicho halikufunga vizuri, asubuhi likawa kavu na jekundu. Hilo hutokea, usikate tamaa. Kope ilipoinuka, nilienda kanisani kutoa shukrani. Nilisimama mbele ya wote, nikasema kwa furaha yangu yote kwamba dawa inafanya kazi miezi mitatu. Gaspari hasali kanisani kwetu, ila mke wake anasali.

Tukaomba siku ya baraza, tukapewa. Ilipofika, Gaspari akatuma habari kwamba mke wake mgonjwa. Ikasogezwa. Ilipofika tena, yeye ana homa. Ilipopangwa ya tatu macho yangu yalikuwa yamefunga. Sikuwa na shaka yoyote, mtu anaweza kuugua.

Sindano ya pili ilikuwa kiangazi kifupi, nikashona sare za kwaya nzima bila kujichoma. Gaspari akasafiri kwenda Uvira, akakaa mpaka nikaanza tena kuvuka barabara nikiimba.

Sindano ya tatu ilipoanza kufanya kazi, mama akafa. Alilala mchana, nikamwamsha anywe chai, hakuamka. Nilishukuru kwamba niliuona uso wake, maana majuma manane nyuma nisingeuona. Alitaka kuzikwa juu, kwenye michikichi. Niliagiza mtu akamwulize Gaspari. Jibu lilikuwa kwamba ardhi yenye shauri haichimbwi kaburi. Tukamzika kwenye makaburi ya mji, upande wa barabara.

Gaspari alikuja mazikoni. Alilia kuliko wote. Watu walipokuwa wanarudisha udongo akaja kusimama kando yangu, akafuta uso, akasema chini chini:

"Pole, dada. Na dawa yako bado inafanya kazi? Ya mwisho ulichoma lini?"

Udongo wa mama yangu ulikuwa bado unaanguka. Nikamtazama. Nikaona kwamba alikuwa anangoja jibu kwa makini, hana chozi, na ndipo homa yake, na mke wake mgonjwa, na safari ya Uvira, vyote vikapanga mstari mmoja kichwani mwangu. Alikuwa anazihesabu sindano zangu kuliko mimi mwenyewe.

"Dawa imekwisha," nikamwambia. "Haiji tena Bujumbura. Hii ikiisha nguvu ndiyo basi."

"Mungu atasaidia," akasema.

"Atasaidia," nikasema.

Usije ukafikiri niliwaza vizuri siku zile. Niliwaza vibaya. Nikiwa nashona, nilimwona Gaspari anatembea mikono mbele, anapiga uso kwenye mti. Niliiona picha hiyo mara nyingi sana, na kila mara ilinituliza. Nilimweleza Baba Riziki ninachotaka kufanya.

"Ni uongo, Mama Riziki."

"Ni uongo wa siku ngapi? Yeye ameongopa miaka mingapi?"

"Utaweza? Kujifanya kipofu mbele ya mutaa wote?"

"Nimefanya mazoezi ya kweli mwaka mzima," nikasema.

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Basi mimi nitakushika mukono. Kazi hiyo nakwisha kuijua."

Sindano ya tatu ikaisha nguvu, nikafumba kweli, watu wote sokoni wakaona. Kisha tukasema tunakwenda Fizi kwa wakwe zangu kwa ajili ya msiba. Tulikwenda Bujumbura. Daktari akanichoma ya nne. Nilikaa kwa dada wa kanisa hukohuko siku kumi, mpaka niliposhinda nje juani nikitazama watu wanapita na kope hazikutikisika. Tukarudi Rumonge. Nikashuka kwenye basi nimefumba, nimeshika bega la mume wangu.

Hapa nitakuambia kitu ambacho atakayekielewa ni mwenye ugonjwa huu. Kufumba macho kwa kupenda mwenyewe, ukijua kwamba ukitaka utayafungua, ni raha. Nilitembea sokoni nimefumba, wanawake wananisikitikia, nami nilikuwa kama mtu aliyeketi nyumbani kwake, mlango kaufunga kwa ufunguo wake. Ilikuwa vigumu kutotabasamu. Nilipepesa, nikakunja uso, nikaimba kuvuka. Mke wa Gaspari alinisalimia: "Amahoro, Mama Riziki. Pole." Nikamjibu huku nimegeukia upande mwingine.

Siku tatu baadaye Gaspari mwenyewe akaomba baraza likae. Saa sita mchana. Shambani.

Mabati yalikuwepo. Mume wangu akaninong'oneza kwamba yameanza kupata kutu pembeni, lakini yamesuguliwa. Nilisikia sauti yake anawakaribisha watu, mchangamfu kama mwenye harusi. Mume wangu akaniweka kwenye kiti. Jua likaniwakia usoni, kope zangu zikatulia kama za mtoto aliyelala.

"Mama," mwenyekiti akasema, "tunasikitika kukuona bado hivi. Unaye shahidi mwingine?"

"Sina, mwalimu. Shahidi mwingine nimemzika."

"Kabla hatujaendelea," Gaspari akasema, "naomba iandikwe kwamba leo ndiyo mwisho. Hatuwezi kurudi hapa kila mwaka kwa sababu ya macho ya mutu."

"Unakubali, mama? Leo ndiyo mwisho?"

"Nakubali. Iandikwe. Na yeye aseme mbele yenu wote kwamba anakubali."

"Nakubali," Gaspari akasema, upesi.

Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Nilingoja mpaka ikakoma. Kisha nikafungua macho.

Nilimwangalia yeye kwanza. Nilikuwa nimetaka hivyo kwa miezi kumi na sita, na sikuwa na haraka. Alikuwa amekaa mguu juu ya mguu. Mguu ukashuka. Alitazama macho yangu, akatazama mabati, akatazama tena macho yangu. Mimi sikupepesa. Daktari alinionya nisikae muda mrefu bila kupepesa, jicho linakauka. Lilikauka. Nikaliacha.

"Unaona?" mwenyekiti akauliza.

"Naona, mwalimu. Namwona Gaspari vizuri sana."

"Ametudanganya!" Gaspari akasimama. "Alijifanya kipofu!"

"Niliulizwa kama nina shahidi mwingine," nikasema. "Hakuna aliyeniuliza kama naona. Na wewe, kaka, ungefanya nini tofauti kama ungejua naona? Ungekuwa na homa?"

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa baraza akainamisha kichwa. Nikapanda juu ya jiwe lililopasuka. Sitaandika vitu viwili nilivyovilinganisha, ni siri ya shamba, na binti yangu ameshaijua. Nikahesabu hatua, nikasimama, nikaomba jembe. Baba Riziki akachimba. Shimo lilifika magotini, hakuna kitu, na Gaspari akaanza kupata sauti yake tena. Nikamwambia mume wangu achimbe upande wa juu kidogo, kwa sababu hatua za mtoto wa miaka minane si hatua zangu. Jembe likagonga.

Mawe matatu meupe, laini, ya ufukweni, juu ya kilima ambako kila jiwe ni jekundu na lina kona. Mwenyekiti aliyashika moja moja, akayafuta kwa leso yake. Pembe ya pili nayo ilikuwa na matatu. Nilipotazama tena nilimwona Gaspari anapepesa, haraka haraka, mkono kwenye jicho, anasema ni vumbi.

Baraza lilipendekeza tugawane, kwa kuwa Gaspari ndiye aliyeitunza michikichi. Nikakataa. Wakaniomba nifikiri juu ya ukoo. Nikawaambia ukoo wangu uko kwenye makaburi ya mji, kando ya barabara, kwa sababu ardhi yenye shauri haichimbwi kaburi. Mwenyekiti akaandika shamba lote la juu kwa jina langu.

Gaspari alinifuata wakati watu wanatawanyika. Aliomba avune tu vichala vya msimu ule, vilikuwa vimekwisha kuiva. Nilivitazama. Vilikuwa vyekundu vizuri. Nikasema hapana.

Dada zangu wa kanisani wamenijia mara mbili kuniambia nisamehe, hasira itarudisha ugonjwa. Nilimuuliza daktari. Alisema wasiwasi unaweza kuongeza kubana, lakini hajui kipimo cha hasira. Mimi najua cha kwangu. Siku ninayovuna shambani nashinda juani, na macho yanatulia.

Sindano ya saba ilikuwa mwezi uliopita. Nilisafiri na mwanamke wa Nyanza-Lac ambaye alielekezwa kwangu, anatunzwa na dada yake, macho yamefunga tangu msimu wa mahindi. Katika chumba cha kungojea nilimwambia niliyokuambia wewe: aimbe, aombe jina la ugonjwa kwenye karatasi, asiogope kope ikilegea, na asimwambie kila mgeni ni nini kinachomuumiza. Nikamsimulia habari ya Gaspari, maana foleni ilikuwa ndefu. Alisikiliza amefumba, kidole juu ya nyusi.

"Na huyo kaka yako," akauliza, "alikufa?"

"Hapana. Yuko mzima. Anapita shambani kwangu kila siku akienda kwake, njia ni hiyohiyo."

"Na wewe unamuombea?"

"Namuombea," nikasema. "Kila Jumapili. Aishi miaka mingi, na macho yake yasipate shida yoyote."

Akageuza uso upande wangu, kope zimebanwa, na nikaona anaanza kutabasamu. Kisha mlango ukafunguliwa, wakaita jina lake, nikamshika mkono tukaingia.